Jinsi ya kuchagua albamu zako kumi za muda wote bila kujidanganya

Muulize mtu albamu zake kumi bora za maisha yake yote, atakujibu ndani ya dakika mbili, na ukimsikiliza vizuri utagundua nne ni nyimbo sio albamu, tatu ni majina ambayo kila anayetaka kuonekana anajua muziki lazima ayataje, moja ni mkusanyiko wa hiti, na mbili tu ndo kweli anazijua mwanzo mwisho. Simlaumu, hii kazi haijawahi kuelekezwa na mtu. Ila ukitaka listi ambayo hata wewe mwenyewe ukiisoma mwakani hutaona aibu, inabidi uifanye kwa masikio na sio kwa mdomo, na ndo nataka tuelekezane hapa.

Mahitaji sio mengi. Daftari au sehemu ya kuandika kwenye simu, hedifoni nzuri kidogo au redio yenye besi ya maana, bando, na uvumilivu wa wiki kadhaa. Sio kazi ya jioni moja hii, anayekwambia kaimaliza jioni moja huyo kakumbuka tu, hajasikiliza.

Hatua ya 1: kubaliana na nafsi yako albamu ni kitu gani

Kwa watu wa huku kwetu hapa ndo penye kazi kuliko sehemu zote, kwahiyo tukae kidogo.

Wenzetu wa Marekani na Uingereza wana wepesi wao. Tangu santuri ya LP ianze kuuzwa mwaka 1948 wasanii wao walizoea kuingia studio wakarekodi mzigo mzima, upande A dakika kama 22, upande B vivyo hivyo, kava, jina, basi hiyo ni albamu na hakuna ubishi. Muziki wetu mwingi mtamu haukupita njia hiyo. Miaka ya 70 na 80 bendi ya Dar ilikuwa inaenda kurekodi Redio Tanzania, wimbo unapigwa hewani, nchi nzima inaujua, alafu mkanda wenyewe unabaki maktaba. Kiwanda cha kuchapa santuri nchini hakikuwepo, zilizochapwa zilichapwa Nairobi, na nyingi zilikuwa vile visahani vidogo vyenye wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili ukigeuza, yaani unacheza umefika patamu magita yameanza kuwaka inabidi uende ukageuze sahani. Sasa Mlimani Park na utajiri wote ule wa nyimbo wanaingiaje kwenye listi ya albamu? Mbaraka Mwinshehe je, ambaye alifariki kwa ajali Januari 1979 na zile santuri za Ukumbusho zikakusanywa baada ya yeye kuondoka?

Alafu kuna taarabu. Kanda ya taarabu ya kisasa inakuja na nyimbo nne, tano, sita, kila moja dakika kumi na kupanda, na hiyo ni albamu kamili, wala asikutishe mtu kwamba nyimbo ni chache. Fela Kuti naye Zombie yake ya 1976 kule Nigeria ilitoka na nyimbo mbili tu, moja kila upande, kila moja dakika 12 na ushee. Franco wa Kongo kwenye Mario ya 1985 wimbo wenyewe wa Mario peke yake unakimbilia robo saa, kijana analelewa na mama mtu mzima mwenye pesa zake mpaka mama anachoka, na hakuna sekunde unayotamani ipungue. Ukiweka sheria kwamba albamu lazima iwe na nyimbo nane kwenda juu, umeshawafukuza hao wote mlangoni.

Upande wa pili wa shilingi, sidii ilipokuja na nafasi yake ya dakika 74 watu wakaona dhambi kuacha nafasi tupu, wakajaza skiti, salamu, rimiksi na bonasi. All Eyez on Me ya 2Pac, 1996, ina nyimbo 27 kwenye sidii mbili. Tamu, ndio, ila kuna sehemu pale kati unasinzia, tuwe wakweli.

Kwahiyo andika sheria yako kabla ya kuandika jina lolote. Mimi ya kwangu iko hivi: mkusanyiko hauingii kama msanii aliwahi kupata nafasi ya kutengeneza albamu zake mwenyewe. Kwa sheria hiyo Legend ya Bob Marley inakaa nje, maana ni hiti zilizokusanywa 1984 baada ya yeye kufariki, na albamu zake halisi zipo, Exodus ipo, Survival ipo, kasikilize hizo. Ila mkusanyiko wa Sikinde, yaani haohao Mlimani Park, uliotolewa na lebo ya Africassette ya Marekani mwaka 1994 unaingia, kwasababu bila kukusanywa zile nyimbo zisingekaa pamoja kabisa. Wewe unaweza ukaweka sheria tofauti, hata ukasema mikusanyiko yote ruksa, sawa tu, muhimu uiandike mapema ili usije ukaibadilisha katikati kumuokoa kipenzi chako.

EP nazo, zile albamu fupi za nyimbo chache, amua hapohapo. Mimi nazikataa, wivu tu.

Hatua ya 2: mwaga majina yote bila kuangalia popote

Weka simu mbali. Usifungue Boomplay, usifungue Spotify, usifungue YouTube, maana ukifungua tu inakuonyesha ulichosikiliza juzi na utadhani ndo unachokipenda. Andika kwa kichwa. Lengo ni majina kama 40 hivi, yakizidi poa.

Ukikwama usijiulize "napenda albamu gani", hilo swali ni gumu na linaleta majibu ya kujionyesha. Jiulize kwa mahali. Nyumbani redioni kulikuwa kunalia nini Jumapili asubuhi? Kwenye basi la mkoani dereva alikuwa anaweka kanda gani inaisha anageuza inaanza tena, Chalinze mpaka Makambako? Saluni? Bwenini, nani alikuwa na deki na aliweka nini? Jirani je, yule anayefungulia spika mtaa mzima usikie? Kuna albamu hujawahi kuinunua wala kuitafuta lakini unaijua yote kwa ajili ya jirani, na hiyo ina haki ya kuingia, tena pengine kuliko uliyoinunua.

Na hapa usijikatae. Watu wengi wanaruka kwaya na injili wakiandika listi za namna hii, sijui wanaona sio muziki wa listi, wakati ukweli ni kwamba Kwetu Pazuri ya Ambassadors of Christ kutoka Kigali wanaijua kuanzia wimbo wa kwanza na sauti zote, ya kwanza, ya pili, tena na besi. Andika. Rose Muhando andika. Kama ulicheza Mr. Nice mpaka ukatoka jasho andika na yeye, kuchuja kunakuja baadae, saa hizi ni kumwaga tu. Mkenya ambaye kwao kulikuwa kunapigwa Jim Reeves kila Krismasi, andika Jim Reeves. Wa Bujumbura andika Khadja Nin, Sambolera ya 1996, wala usisubiri mtu akukumbushe.

Hatua ya 3: tenganisha albamu na hiti

Sasa chukua hayo majina 40. Kila albamu, bila kuangalia, andika nyimbo zake unazozikumbuka. Sio lazima kwa jina, hata "ule wenye gita linalolia mwanzo" inatosha. Kama unakumbuka nyimbo mbili tu, na zote ni zile zilizopigwa redioni, hiyo albamu huijui, unajua hiti zake. Itoe, au ihamishie listi ya pembeni ya kwenda kusikiliza kwa mara ya kwanza kwa utulivu.

Jaribio hili linaua sana, jiandae. Thriller kwa mfano ina nyimbo 9 na 7 kati ya hizo zilitoka kama singo, kwahiyo inapita bila jasho, karibu kila mtu anaijua yote hata kama hajui kama anaijua. Ila albamu nyingi za miaka hii ya karibuni zinapata shida ya kinyume, nyimbo kadhaa zimeshatoka moja moja miezi mingi au hata miaka nyuma, albamu ikija unakuta umeshazizoea kama vitu tofauti. A Boy from Tandale ya Diamond, 2018, ilikuwa na huo mtihani. Haimaanishi mbaya. Inamaanisha inabidi uisikilize upya kama kitu kimoja ndo uamue kama inasimama au ni kapu tu la hiti, na hapo ndo tunaingia hatua kubwa.

Hatua ya 4: sikiliza mwanzo mpaka mwisho, kwa mpangilio wake

Utakuwa umebaki na albamu kama 25. Zote hizi zinasikilizwa upya, nzima nzima. Moja kwa siku inatosha, mbili ukiwa na nafasi. Sheria zake:

Zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. Mpangilio ni sehemu ya kazi, kuna mtu alikaa akaumiza kichwa wimbo upi ufungue na upi ufunge. Chukua What's Going On ya Marvin Gaye, 1971, nyimbo 9, dakika 35 tu. Mle nyimbo nyingi hazikatiki, huu unamezwa na unaofuata, mpaka unashtuka wimbo ulishabadilika kitambo, sauti ya Marvin inaitikiana na sauti ya Marvin mwenyewe iliyorekodiwa juu yake, ngoma za mkono zinatembea chini chini, na mwishoni kabisa ile melodi ya wimbo wa kwanza inarudi unajua tumezunguka tumefika tulipoanzia. Kaka yake alikuwa amerudi kutoka vita ya Vietnam, na albamu nzima ni mtu aliyerudi nyumbani anashangaa hali aliyoikuta. Ukiichanganya nyimbo hayo yote yanapotea, unabaki na nyimbo nzuri tisa.

Hakikisha unasikiliza kitu chenyewe. YouTube imejaa albamu za zamani zilizopakiwa na watu, nyingine kasi imeongezwa kidogo, nyingine zimepunguzwa, nyingine jina la albamu sio lile na nyimbo mbili ni za bendi nyingine kabisa. Kwa muziki wa dansi hii ni balaa, unakuta wimbo wa bendi ya Msondo umeandikwa Sikinde na watu wanabishana huko chini siku nzima. Linganisha mpangilio na kava la kanda au santuri kama kuna mtu analo. Spotify ilivyofika Tanzania na Kenya mwaka 2021 ilisaidia kwa za nje na kwa lebo ya Real World ya Uingereza, zile za Remmy Ongala na Ayub Ogada zinapatikana safi, ila Bongo Fleva ya kanda, ile ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, mapengo ni mengi. Hapo dawa ni watu. Kila mtaa una mzee au jamaa mmoja hajatupa kanda zake, zipo kwenye boksi la viatu juu ya kabati, muombe kistaarabu, nenda na peni ya kuzungushia utepe kabla hujaweka kwenye deki maana kanda iliyokaa muda mrefu ukiibamiza tu inatafunwa na deki na hapo urafiki umeisha.

Weka alama. Mimi natumia tiki kwa wimbo uliosimama, mstari kwa wimbo niliotamani kuruka, na duara kwa sehemu iliyonifanya niache nilichokuwa nafanya. Tiki nyingi ni nzuri ila duara ndo linaamua. Albamu inaweza ikawa safi mwanzo mwisho, haina kosa, haina mstari hata mmoja, na haina duara pia. Hiyo ni albamu ya kuheshimu, sio ya kupenda.

Nikupe mfano wa duara. Machozi Jasho na Damu ya Professor Jay, 2001, biti za P-Funk Majani. Kila mtu anaikumbuka Ndio Mzee, ile ya mwanasiasa anamwaga ahadi za ajabu ajabu na wananchi wanaitikia ndio mzee, na mtu akiikumbuka anakumbuka kicheko. Sasa isikilize leo, kwa hedifoni, alafu acha kumsikiliza Jay, msikilize anayeitikia. Umati haubadiliki. Ahadi inazidi kuwa ya kijinga na itikio linabaki palepale, kwa furaha ileile, na ghafla kejeli inakuwa sio kwa mwanasiasa tena, ni kwetu sisi tunaoitikia. Hilo duara huwezi kulipata ukisikiliza kwenye baa. Na jamaa mwenyewe baadae akawa mbunge wa Mikumi, kuanzia 2015 mpaka 2020, kwahiyo wimbo unazidi kunoga.

Kwa wapenzi wa Kongo kuna nyongeza: usihukumu wimbo kabla ya sebene, ile sehemu ya mwisho ya kasi ya kucheza. Albamu za Kinshasa za miaka ya 90 kama Loi ya Koffi Olomide (1997) au Solola Bien ya Wenge Musica Maison Mère (1999) wimbo unaanza taratibu, wanalia mapenzi, wanataja majina ya watu, yale mabanga ya kusalimia matajiri na wafadhili, dakika tatu nne zinaenda, mtu asiyejua anaruka. Vumilia. Gita la solo likishuka na atalaku, yule wa kuhamasisha wachezaji, akianza kupiga kelele utaelewa kwanini ule mwanzo ulikuwa vile, ulikuwa unawekewa mafuta. Na Kilingala kama hukijui wala sio tatizo, wengi tumeimba miaka mingi maneno tunayoyabuni wenyewe.

Hatua ya 5: tenga wimbo na msiba wake, mapenzi yake, na ujana wako

Hii fupi ila ngumu. Chukua albamu ya Nimefika ya E-Sir, rapa wa Kenya, kwa mfano. Kijana alifariki kwa ajali ya gari Machi 2003 akiwa na miaka 21, mji mzima wa Nairobi ulikuwa unaimba nyimbo zake, na mpaka leo mtu akiiweka kwenye listi huwezi kujua anampenda E-Sir au anamlilia. Sisemi utoe kumbukumbu, bila kumbukumbu hakuna albamu ya maisha. Nasema ujue ipi ni ipi.

Jaribio rahisi ni kumuwekea mtu ambaye hakuwepo. Mdogo wako, mtoto wa dada, kijana wa ofisini aliyezaliwa baada ya kanda kufa. Usimwambie kitu, usimhadithie, weka tu uendelee na kazi zako. Akiuliza "huyu nani?" albamu ina miguu yake yenyewe. Asipouliza, na wewe bado inakutoa machozi, basi ni yako peke yako, na inaruhusiwa kubaki, ila isizidi moja au mbili za namna hiyo kwenye kumi. Mimi Nimefika imepita jaribio, kwa taarifa yenu.

Hatua ya 6: ondoa za heshima

Kuna albamu ziko kwenye listi yako kwasababu ya watu watakaoisoma. Zitafute uziondoe. Hakuna listi takatifu duniani: jarida la Rolling Stone lilitoa listi yao ya albamu 500 mwaka 2003, namba moja wakaweka Sgt. Pepper ya Beatles, wakaja kupigisha kura upya 2020 namba moja ikawa hiyo hiyo What's Going On niliyoisema. Beatles hawakurekodi upya chochote hapo katikati, ni wapiga kura waliobadilika. Sasa kama wao wenyewe wanahama, wewe wa Tandika unaogopa nini? Na humo ndani usitegemee kumkuta Afande Sele.

Swali la kujiuliza ni hili: umeme umekatika, simu ina chaji asilimia 15, na ni albamu moja tu itakayotosha kabla haijazima. Unaweka ipi? Albamu ambayo huwezi kuiweka katika hali hiyo, ambayo unaipenda ukiwa na chaji ya kutosha tu, hiyo ni ya heshima. Toa bila huruma. Upo uwezekano mkubwa ukatoa jazi yote. Upo uwezekano pia ukagundua ndo unaipenda jazi kweli, hongera.

Kinyume chake nacho kipo. Kuna watu wa hiphopu wanaona noma kuandika Lady Jaydee, wakati albamu yake ya Machozi wanaijua kuliko wanavyoijua Illmatic ya Nas. Andika unachokijua.

Hatua ya 7: kutoka 15 mpaka 10

Hapa utakuwa na kama 15 na kila moja unaona haiwezekani kutoka. Kupanga namba moja kwa moja hakusaidii, ubongo unachoka. Fanya mtoano kama kombe: andika majina kwenye vikaratasi, vuta viwili viwili, na katika kila mechi jiulize swali moja tu, ipi nikiambiwa sitaisikia tena maisha yangu yote nitaumia zaidi. Aliyeshinda anapita, aliyefungwa anapelekwa kapu la pili, na kapu la pili nalo linacheza kuwania nafasi za mwisho.

Kabla ya mechi weka msanii mmoja albamu moja. Najua inauma, ila bila hivyo mtu wa Koffi atajaza Koffi sita. Hii inakulazimisha kuchagua ndani ya nyumba kwanza, kwa mfano Machozi Jasho na Damu na Mapinduzi Halisi, zote za Professor Jay, ya pili ina Zali la Mentali na Juma Nature kaua mle ndani, lakini ya kwanza ina njaa ambayo ya pili haina, jamaa alikuwa anatoka kundi la Hard Blasters anathibitisha anaweza kusimama peke yake na unaisikia kwenye kila mstari.

Albamu mpya mpya, zilizotoka ndani ya miaka mitatu, ziweke benchi. Sio kwamba mbaya, ni kwamba bado hujazichoka, na huwezi kujua albamu ni ya maisha kama hujawahi kuichoka ukairudia. Midnight Train ya Sauti Sol ya 2020 sasa hivi inaruhusiwa kucheza. Mimi kwangu imetolewa raundi ya kwanza, Mwanzo yao ile ya zamani ndo ilistahili kuja badala yake, wale vijana na gita tu.

Hatua ya 8: andika sentensi moja kwa kila albamu, alafu tarehe

Sentensi yenyewe isiwe na maneno "bora", "kali", "legendi" wala "haina mpinzani". Andika kitu unachokisikia. Mfano kwa Zombie ya Fela: "magita yanazunguka mpaka unasahau kuna kuimba, alafu anaanza kutoa amri za kijeshi na wanawake wanaitikia zombie". Ukishindwa kuandika sentensi ya namna hiyo, rudi hatua ya 4, hukusikiliza. Na hiyo albamu sio mchezo, Februari 1977 wanajeshi walivamia nyumba ya Fela wakaichoma, mama yake mzazi akatupwa dirishani na mwaka uliofuata akafariki. Mtu alilipa kwa ajili ya dakika 12 hizo.

Tarehe ni kwasababu listi itabadilika, na ni raha kuona imebadilika wapi. Ukituma kwenye grupu la WhatsApp atatokea mtu wa kukwambia umemsahau fulani. Muulize wimbo wa nne upande B unaitwaje. Akijibu, huyo mtu wa maana, mpe nafasi mbishane mpaka usiku. Asipojibu, endelea na maisha yako.

Najua mtaniuliza ya kwangu. Bila kupanga namba: Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila (1989), yule mzee hata akiongea tu ni wimbo. Machozi Jasho na Damu. Sikinde ile ya mkusanyiko, kwa sheria yangu niliyoieleza. Zombie. What's Going On. Solola Bien. Sambolera, Kiswahili kinachoimbwa taratibu mpaka unakisikia upya. Zanzibar ya Bi Kidude (1998), sauti ya bibi aliyeimba miaka yote hiyo na bado haombi ruhusa kwa mtu. Propaganda ya Fid Q (2009), na wa Mwanza najua mnatabasamu hapo mlipo. Ya kumi ni En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada (1993), nyatiti, kile kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, na sauti, Kiluo sijui hata neno.

Ya 11 ni Thriller, ilitolewa na Ayub Ogada mechi ya mwisho, na wenye hasira waanze na upande B.